Tukisikia mtoto wa jirani analia

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba



Mweka sanduku amekwisha kusoma hesabu. Mmesikia feza iliyoingia, feza iliyotoka, nani amekopa na nani hajarudisha. Sasa komite inaomba nafasi ya kusema jambo moja ambalo haliandikwi mu kitabu cha hesabu, lakini mwaka huu limetupima kuliko deni lolote. Ni jambo la mtoto mmoja wa kwetu, na la sisi tuliokuwa tunamuona kila siku.

Tunasema kwa ruhusa. Jamaa ya mtoto imekubali tuseme, mradi tusitaje jina wala kijiji. Hatutataja, na mambo mengine madogo tumeyabadilisha. Tafadhali, msianze kukisia. Anayejua anyamaze, asiyejua asiulize. Tunasema ili tujifunze, si ili mtu aonyeshwe kidole.

Wote mnajua tumetoka wapi. Wengi wetu tulikaa Tanzania, mkoa wa Kigoma, Lugufu na Nyarugusu. Wengine walirudi tangu 2005, wakati meli zilianza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Wengine wamerudi nyuma sana, kwa mtumbwi wa injini, kila mtu akijilipia. Tulivuka ziwa na masufuria, mablanketi, shitingi, na watoto. Na watoto wale, si wote tuliwazaa. Kuna mtoto wa dada aliyefia kambini. Kuna mtoto wa mke wa kwanza. Kuna mtoto ambaye wazazi wake walipotea wakati wa kukimbia, na hakuna anayejua kama wako hai. Tuliwachukua, wakala pamoja na wetu. Hiyo ni sifa yetu, na hatutaki mtu atunyang'anye. Lakini mwaka huu tumejifunza kwamba sifa nzuri inaweza kufunika jambo baya, kwa sababu mtu akisema "huyu mama amelea yatima", hakuna tena anayeuliza yatima analelewa namna gani.

Kule kambini mtoto alikuwa anahesabiwa. Jina lake lilikuwa mu kadi ya chakula. Mtoto aliyekaa na watu wasio wazazi wake, wafanyakazi wa mashirika walikuwa wanapita kuuliza: anasoma? Analala wapi? Sisi tulikuwa tunanung'unika, tunasema wanatuchunguza kama wezi. Tuliporudi nyumbani tulifurahi kwamba hakuna tena wa kutuchunguza. Hatukufikiri kwamba macho yale yalikuwa yanamtazama pia mtoto. Hapa hakuna kadi. Mtoto akikosa kuonekana juma nzima, ni nani anauliza?

Basi, mtoto tunayemsema ni msichana wa miaka 10 hivi. Mama yake alifia kambini. Mjomba wake, yaani kaka ya mama yake, alimchukua, akarudi naye pamoja na mke na watoto wao wanne. Ni memba wetu. Walipofika, tuliwasaidia kupata miti ya kujenga. Mama wa ile nyumba alikuwa anatoa mchango wake bila kuchelewa. Tunasema hivi ili mjue kwamba hatukuwa tunamtazama kama mtu mbaya. Alikuwa mwenzetu.

Halafu mjomba akaenda Misisi kutafuta dhahabu, kama wanaume wengi wa Fizi wanavyoenda. Miezi ya kwanza alituma kitu kidogo. Kisha akanyamaza.

Tangu hapo, kila mmoja wetu aliona kipande chake.

Mama mmoja wa komite, anayeamka mapema kuteka maji, alimkuta ule mtoto ku robine kungali giza, peke yake, na bidoni mbili za lita 20. Alimsaidia kujitwika, akaenda zake. Alijisemea: hata mimi nilitumwa maji nikiwa mdogo.

Mwalimu, ambaye pia ni memba, aliona nafasi ya mtoto darasani iko wazi. Wale watoto wengine wa nyumba ile walikuwa wanakuja shuleni. Alifikiri: labda anaumwa. Kisha alifikiri: labda wamekosa feza ya daftari. Kisha akaacha kufikiri.

Mwenzetu anayefanya kazi ku kituo cha afya alimuona na mkono umefungwa kitambaa. Chini ya kitambaa kulikuwa kidonda cha moto. Aliuliza. Mtoto alimtazama kwanza mama mkubwa aliyekuja naye, ndipo akajibu: "Ni uji." Mwenzetu aliosha kidonda, akafunga upya.

Na jirani wa ua kwa ua, yeye alikuwa anasikia. Alikuwa anasikia usiku.

Watu wanne, vipande vinne. Tulikuwa tunakutana kila juma ku mkutano wa sanduku, tunakaa benchi moja, tunaongea bei ya mihogo na ndagala. Hakuna aliyeweka kipande chake juu ya meza. Ingekuwa mbuzi amepotea, tungejua siku ileile nani amemuona wapi.

Tulijiuliza baadaye: tulinyamaza kwa nini? Tunataka kusema sababu zetu bila kuzipamba, kwa maana tunafikiri ni zenu pia.

Sababu ya kwanza: mambo ya nyumba ya mtu ni ya mwenye nyumba. Tumekulia ndani ya neno hilo.

Sababu ya pili: alikuwa mmoja wetu. Sisi tuliorudi tunasemwa vya kutosha. Kuna waliobaki ambao wanatuita watu wa Tanzania, wanasema tumekuja kudai mashamba, wanacheka hata Kiswahili cha watoto wetu. Tuliogopa kuwapa neno lingine la kusema.

Sababu ya tatu: polisi. Tuseme wazi. Ukienda kulalamika, ni wewe unalipa motari, ni wewe unaombwa feza ya karatasi, na kesho jirani anajua ni wewe. Halafu kesi inalala, lakini uadui haulali.

Sababu ya nne: mashaka. Watoto wetu wote wanateka maji. Wote wanafanya kazi ya shamba. Wengi wetu tulichapwa tukiwa wadogo, na tulichapa. Nyumba nyingi hapa zinakula mara moja kwa siku. Tulisema: tukianza kushitaki umaskini, nani atabaki bila kushitakiwa?

Sababu ya tano tunawaambia ninyi wafadhili, ingawa inatia haya. Tuliogopa ninyi. Tulifikiri: wakisikia mtoto aliteswa ndani ya chama chetu, watafunga mfuko. Mmoja wetu alisema hivyo kwa mdomo wake, na hakuna aliyemkemea. Tulikuwa tunalinda jina la chama kwa mgongo wa mtoto.

Ndivyo miezi ilipita. Kisha mama wa ile nyumba alifiwa na mtoto wake wa mwisho, homa ya siku tatu tu. Tulikwenda kilio, tulitoa mchango wa sanduku. Katika kilio ndipo tulisikia neno kwa mara ya kwanza. Kumbe mama alikuwa amekwenda ku chumba kimoja cha maombi, na huko aliambiwa kwamba kifo kimetoka ndani ya nyumba. Kwamba kuna mtoto mwenye mkono mzito. Mnajua neno hilo linaenda wapi. Leo wanasema mkono mzito, kesho wanasema mulozi.

Juma mbili baadaye, jirani wa ua kwa ua alifika kwa mwenyekiti kabla ya jua kutoka. Hakuketi. Alisema: "Mimi nimechoka kusikia. Ule mutoto analala jikoni, banamunyima chakula ili aseme. Usiku alilia mpaka akanyamaza. Ni ile kunyamaza ndiyo imeniogopesha."

Siku ile ile tuliita komite. Ndipo vipande vinne vilikutana mezani, na tulitazamana kwa haya.

Msifikiri tulikubaliana mara moja. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema: tumwite mama chini ya mwembe, tumuonye, aombe msamaha, tumalize kirafiki kama tunavyomaliza mambo yote. Si mzee mbaya. Amemaliza ugomvi mwingi wa mashamba ambao ungekwenda mpaka kwenye panga. Wengi walianza kutikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mama wa robine ndiye alisimama. Alisema: "Mzee, samahani. Mbuzi akiliwa analipwa, na pande zote mbili ziko pale kusema. Chini ya ule mwembe, upande wa mtoto atakaa nani? Na jioni, tukiisha kumuaibisha mama mbele ya watu, mtoto atarudi kulala wapi?"

Hakuna aliyejibu. Atarudi kulala kwa yule yule, na sasa ndiye sababu ya aibu. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hilo sikuliona." Tunamshukuru kwa neno hilo, maana mzee mwingine angeshikilia la kwanza.

Lakini mwingine akarudisha swali la umaskini. Alisema: tunajuaje kama ni ukatili ama ni njaa ya nyumba nzima? Swali hilo ni la haki, na jibu tulilopata siku ile tunataka mlichukue nyumbani. Usimtazame mtoto yule peke yake. Tazama na watoto wengine wa nyumba ileile. Kama nyumba inakula mara moja na wote wanakula mara moja, huo ni umaskini, na umaskini unapelekewa mihogo na sombe, haupelekewi polisi. Kama wanne wanasoma na mmoja anabaki, wanne wanalala ndani na mmoja jikoni, wanne wanakula na mmoja anangoja masalio, hapo si umaskini tena. Umaskini hauchagui mtoto mmoja ndani ya nyumba. Mtu ndiye anachagua.

Na kuna mambo ambayo hayangoji kulinganishwa na kitu: kidonda cha moto, mtoto kunyimwa chakula ili akiri uchawi, mtoto kuguswa kwa njia ya aibu, mtoto anayeogopa kujibu mpaka amtazame mtu fulani. Hayo hata kama nyumba ina mtoto mmoja tu.

Tulituma pia kijana wetu aliyesoma sheria kidogo atueleze. Alituletea mambo mawili. La kwanza, katiba yetu ya 2006. Kifungu cha 41 kinasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kinakataza kutesa na kutupa watoto, na kinataja kwa jina jambo la kumsingizia mtoto uchawi, kwamba limekatazwa na linaadhibiwa. Tena kinawapa wazazi kazi ya kulinda watoto na ukatili ndani ya nyumba na nje ya nyumba. Mmesikia? Ndani ya nyumba. Lile neno letu kwamba mambo ya nyumba ni ya mwenye nyumba, katiba ilikwisha kulijibu, sisi ndio hatukusoma. La pili, iko sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, sheria ya ulinzi wa mtoto. Ndiyo iliyoweka tribunali ya watoto, na ndiyo inamweka mtoto anayesingiziwa uchawi kati ya watoto ambao serikali inapaswa kuwalinda kwa namna ya pekee. Anayemsingizia anaweza kufungwa.

Basi tulifanya hivi. Tulichukua karatasi moja. Kila mmoja aliandika alichoona kwa macho yake ama alichosikia kwa masikio yake, siku gani na saa gani, bila kuongeza. Mwenzetu wa kituo cha afya aliandika kidonda, hakuandika nani alikifanya, maana hakuona. Jirani aliandika kilio, hakuandika fimbo, maana hakuona fimbo. Mtu alipoanza kuandika "yule mama ni katili", tulifuta. Hiyo si kazi yetu. Kazi yetu ni kuona na kusema. Kazi ya kuchunguza ina wenyewe.

Wawili walikwenda mjini kwa asistanti sosiali wa serikali, wakipitia kwa mama mmoja wa RECOPE, ule mtandao wa kulinda watoto ambao unaundwa na watu wa kijiji wenyewe. Hatukuanza na polisi. Kama tungesikia mtoto yuko mbioni kuuawa usiku ule, tungekimbilia popote penye mlango wazi, hata polisi. Tuliomba mambo matatu tu: mfike upesi, jina la aliyeleta habari lisitajwe, na mtoto aulizwe akiwa peke yake.

Tuliogopa kuona pingu. Hatukuona pingu. Walifika watu wawili, mwanamume na mwanamke, kwa miguu. Waliketi na mama kwanza, muda mrefu. Kisha yule mwanamke alimwomba mtoto amsindikize ku robine, wakatembea polepole kwenda na kurudi. Walimpeleka kituo cha afya. Jioni ile hakurudi kulala jikoni. Walitafuta kwanza ndani ya jamaa, wakampata bibi yake, mama ya mama yake, kijiji cha pembeni. Bibi ni mzee, alikuwa ameambiwa kwamba mtoto anakaa vizuri na anasoma. Baadaye tribunali ya watoto ilikubali akae pale. Yule mtu wa chumba cha maombi, faili yake iko mikononi mwa wanaohusika. Sisi hatusemi zaidi.

Tunapenda tuishie hapo na kupigiana makofi. Lakini jambo halikuishia hapo.

Mama wa ile nyumba hakutusalimu tena. Aliacha kuja ku sanduku. Watu wengine walituambia: mmemuuza mwenzenu. Mume alirudi kutoka Misisi na hasira, alifika kwa mwenyekiti akipiga kelele. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Nenda kwa mama yako, muone mkono wa mtoto wa dada yako, halafu rudi." Alikwenda. Hakurudi kupiga kelele.

Baada ya miezi mingi, mama alirudi ku mkutano. Alisimama mlangoni. Alisema maneno ambayo bado yanatuchoma, na tunayasema mbele yenu kwa sababu yeye mwenyewe alituomba tuyaseme: "Mulinishitaki. Sawa. Nilifanya mubaya, nimekubali mbele ya hakimu na mbele ya Mungu. Lakini miezi yote ile, bwana hayuko, mimi nashinda njaa, nazika mutoto, hata mutu moja hakufika kuniuliza kama nimekula. Mulikuwa munahesabu bidoni za mutoto. Zangu hamukuhesabu."

Komite ilikaa na maneno hayo siku nyingi. Wengine walisema anajitetea. Tunasema hivi: shida yake haikumpa ruhusa ya kuchoma mkono wa mtoto. Wajane wangapi hapa wana shida kuliko yake na hawajamgusa yatima? Hilo halibadiliki. Lakini kwa jambo moja alisema kweli. Tulikuwa na miezi saba kati ya kipande cha kwanza na siku ya kwenda mjini. Katika miezi ile tungeweza kwenda kwake na kikapu cha mihogo, kuketi, kuona jikoni kwake kwa macho, kuuliza, kubeba mtoto mmoja kwa siku mbili apumzike. Labda ingetosha mwanzoni, kabla ya chumba cha maombi. Labda isingetosha, na tungeenda kwa asistanti mapema, mtoto akiwa bado na mkono mzima. Kwa njia zote mbili, tulichelewa. Hatukumlinda mtoto, na hatukumsaidia mama. Chama cha kusaidiana kilikosa mara mbili ndani ya nyumba moja.

Kuna jambo lingine, ili msitoke hapa mkidhani sasa kila mtu amshitaki jirani yake. Baada ya habari kuenea, mtu mmoja alitufikia akitaka tumpeleke jirani yake kwa asistanti, eti anatesa watoto. Tulimuuliza swali lile lile: umeona nini kwa macho yako, siku gani? Alizunguka. Tulipouliza zaidi, kumbe wako na kesi ya mpaka wa shamba. Tulimwambia shamba lina njia yake. Mtoto si jiwe la kumpigia adui. Atakayemtumia mtoto hivyo, anawafunga masikio watu siku mtoto wa kweli atakapolia.

Kwa hiyo komite inaleta mapendekezo haya, na tunaomba mkutano uyakubali kwa mikono juu.

Kwanza, kila mkutano wa sanduku tutauliza habari za watoto kabla ya habari za feza. Si kwa kutaja watu mbele ya wote. Wamechaguliwa mama wawili na baba mmoja, na mwenye kipande chake awapelekee, hata kama ni kidogo, hata kama ana mashaka. Usingoje mpaka uwe na hakika. Hakika ni kazi ya wanaochunguza. Wewe huwezi kujua kama kipande chako kidogo kinakamilisha cha mwingine.

Pili, nyumba inayolea mtoto wa mtu mwingine, na nyumba ambayo baba amekwenda machimboni, itatembelewa. Mgeni asiende mikono mitupu. Tunakwenda kwanza kama jamaa.

Tatu, tukiona kidonda, njaa ya mtoto mmoja, neno la uchawi ama jambo la aibu, hakuna mwembe. Hakuna kumaliza kirafiki. Tunakwenda kwa asistanti sosiali, na feza ya motari inatoka mu mfuko wa shida, isitoke kwa mtu mmoja. Anayekwenda anakwenda kwa jina la chama. Hivyo hakuna jirani mmoja atakayebeba uadui peke yake.

Nne, aliyeshitakiwa anabaki memba mpaka wenye kazi wasema neno lao, na hata baadaye nyumba yake haitaachwa na njaa. Watoto wengine wako mle ndani.

Ninyi wafadhili wetu, tumewaambia haya yote ingawa tungeweza kuandika tu kwamba mwaka umepita vizuri. Tunaomba msitupime kwa kuwa jambo hili lilitokea. Tupimeni kwa muda tutakaotumia safari nyingine kati ya kuona na kusema.

Mtasema: na mtoto? Mtoto yuko kwa bibi. Amerudi darasani, nyuma ya wenzake mwaka mmoja. Mkono umepona, ingawa vidole viwili havikunjiki vizuri, anaandika kwa mwingine. Mfuko wa shida unatoa daftari na sabuni, na kila mwezi mmoja wetu anakwenda kumuona. Mwezi uliopita mwenzetu alimkuta anateka maji na watoto wa pale, wote wanacheka, kila mmoja na bidoni yake ya lita tano.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Sisi tulikuwa mikono mingi, lakini kila mkono ulikuwa mfukoni. Tuitoe.

Sasa tunaomba mikono juu kwa pendekezo la kwanza.